Jibu Nililompa Fundi Cherehani

Kwa nini sikusema sijui? Swali hili nimejiuliza mara nyingi, hasa nikiwa peke yangu garini pale roboti nyekundu, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa Johannesburg, zinaponisimamisha Jules Street, na mpaka leo sina jibu lake. Hakuna aliyenitisha wala aliyeniahidi kitu. Niliulizwa swali la wazi na mwanamke aliyekuwa akikata kitambaa, nami nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyeishi Ulaya ya kaskazini, ilhali mguu wangu haujapata kukanyaga nchi yoyote iliyo kaskazini ya Sahara.

Mwanamke huyo ni fundi cherehani kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Alikuwa amepanga nusu ya duka huko mtaa wa Malvern. Nusu ya pili iliuza magodoro. Tulifahamiana kwa sababu ya suruali. Mimi ni mfupi, na suruali zinazouzwa katika jiji hili zimekatwa kwa ajili ya watu warefu, kwa hiyo kila niliyonunua ilipitia kwake. Baada ya miaka sita ya kupunguziwa suruali mtu huishia kuwa ndugu. Aliniita mwalimu, ingawa niliacha kufundisha darasani zamani. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, nyumbani kwangu mtaa wa Observatory: vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule, barua za mahakama. Shahada yangu ni ya historia. Johannesburg haijanipatia ajira ya historia hata siku moja, lakini kwa Wakongo na Warundi wa mtaa ule ilitosha kunipa cheo cha mtu wa kuulizwa mambo.

Fundi alikuwa na dada mkubwa, msusi, aliyekaa katika chumba cha uani mtaa wa pili kutoka dukani, pamoja na mama yao mzee. Miguu ya mama ilikuwa imevimba na hakuweza kusimama bila kushikwa. Mgongo wa yule dada uliumia zamani na hakuweza kunyanyua kitu kizito, kwa hiyo kazi waligawana: dada alilala na mama, na fundi alifika kila asubuhi kabla ya kufungua duka, akamwosha, akamvika, akamketisha kwenye kiti. Wanawake wa kanisani kwao walijitolea kusaidia. Mama alikataa. Alisema aliwaosha wanawe kwa mikono yake, naye ataoshwa na mtoto wake, si na mtu mwingine yeyote aliye hai. Jambo hilo halikujadiliwa tena. Nimewahi kuona fundi akifungua duka saa tano kwa sababu mama aliamka na homa, na wateja wakangoja nje bila kunung'unika, maana walijua.

Kwa kuwa dada wawili hawa waliingia Afrika Kusini kwa nyakati tofauti, walikuwa na mafaili mawili ya ukimbizi. Mama alikuwa kwenye faili la mkubwa. Mafaili yakatembea kila moja kwa mwendo wake, miaka na miaka, mpaka mwaka jana mkubwa akaambiwa kwamba yeye na mama wamekubaliwa kuhamia Norwei. Miezi miwili baadaye fundi naye akaitwa. Yeye na watoto wake wawili wamekubaliwa Ufini. Karani wa ofisi iliyoshughulikia safari hizo alimweleza kwamba ana njia mbili. Angeweza kuomba faili lake liunganishwe na la dada yake, lakini lingerudi nyuma kwenye foleni, na hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba lingetoka tena. Au angeweza kutia saini kwamba anakubali kwenda Ufini. Alipewa wiki tatu za kufikiri.

Ndipo aliponiita.

Nilimkuta ameweka vyakula vya watoto pembeni na kutandaza karatasi ya kaki juu ya meza ya kukatia, ile anayochorea patroni za nguo. Alinipa chaki, akaniomba nimchoree hizo nchi. Nikachora. Nilianza na Denmark, nikapanda Norwei na Uswidi zilizolala ubavu kwa ubavu, nikaiweka Ufini upande wa mashariki, na Aislandi peke yake mbali baharini. Nilichora pia bendera zao, kwa sababu naipenda habari ya bendera zile: zote zina msalaba, na katika zote msalaba umeegemea upande wa mlingoti. Fundi aliziangalia kwa muda.

"Ni patroni moja," alisema. "Kitambaa tu ndiyo ya mbalimbali."

Nikamwambia amesema vizuri kuliko vitabu. Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimepata msikilizaji. Nilimsimulia jinsi Norwei ilivyotawaliwa na Denmark kwa karne nyingi, kisha ikafungwa pamoja na Uswidi. Jinsi Ufini ilivyokuwa sehemu ya Uswidi kabla haijachukuliwa na Warusi. Jinsi walivyopigana wao kwa wao mpaka wakachoka, na walipochoka wakaamua kuishi kama watu wa ukoo mmoja. Alisikiliza yote hayo kwa adabu. Kisha akachukua utepe wa kupimia, akauweka toka mji mkuu wa Norwei hadi mji mkuu wa Ufini.

"Santimetri kumi na nane," alisema. "Haifike ata mkono ya koti ya mtoto. Sasa mwalimu, weye ulisomaka, niambie. Ni majirani ya kuombana chumvi, ao ni majirani ya kusalimiana tu?"

"Ya kuombana chumvi," nilisema.

"Nikifika kule Ufini, naweza kuhama niende kuishi kwa mama?"

"Unaweza. Watu wa huko hawadaiani viza. Mtu wa Ufini akitaka kuishi Norwei anafunga mizigo yake na kwenda. Ni nyumba moja yenye vyumba vitano."

Aliniuliza tena kwa maneno mengine, na mara ya tatu kwa maneno mengine tena. Mara zote tatu nilimjibu vilevile, na mara ya tatu nilijibu kwa uhakika zaidi kuliko ya kwanza.

Natafuta asili ya uhakika ule na naona sehemu yake moja. Nilisoma Tanzania katika shule iliyojengwa kwa msaada wa nchi hizo kwa pamoja, na baba yangu alikuwa mtunza stoo pale. Walimu na mafundi waliotoka huko hatukuwatenganisha. Wote waliitwa Wanodiki, kama tunavyosema Wadigo au Wapare, na nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne nilipogundua kwamba bwana mmoja aliyetufundisha useremala hakuelewa lugha ya mke wa daktari. Baba aliwasifu kwa jambo moja tu. Alisema kifaa kikiletwa na Mdenmark, Mswidi anakitumia bila kuomba ruhusa. Hiyo ndiyo picha niliyokua nayo, ya stoo moja isiyo na kufuli katikati.

Lakini maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu mimi si mtoto tena. Chuo kikuu niliandika tasnifu yangu ya mwisho juu ya jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki na jinsi ilivyovunjika, kwa hiyo ninajua kwamba muungano wa nchi huwa na wenyewe. Zaidi ya hapo, ninaishi Afrika Kusini kwa kibali. Nchi yangu, Afrika Kusini na Botswana zimo katika jumuiya moja ya kusini mwa Afrika, na kibali nilicho nacho hakiniruhusu kuhamia Gaborone, mji mkuu wa Botswana. Kila baada ya miaka michache nasimama foleni na bahasha yangu, nawe ukiniuliza foleni hiyo inahusu nini, nitakueleza vizuri tofauti iliyopo baina ya raia na mgeni. Mambo niliyoyajua kwa mwili wangu mwenyewe sikuyafikiria nilipozungumza juu ya Ufini. Niliona kama kwamba huko, kwenye theluji na watu wanyoofu, mambo hayo hayapo.

Fundi aliamini. Tangu siku ile akaacha kuulizia habari ya kuunganisha mafaili. Akaanza kushona makoti. Alinunua mablanketi mazito ya Kisotho, akayatia ndani ya kitenge cha buluu chenye picha za tausi, makoti matano ya kitambaa kimoja: la mama, la dada yake, lake na ya watoto wawili. Wakongo hushona sare kwa harusi na kwa msiba, na yeye aliona kwamba safari hii ilikuwa na kiasi cha vyote viwili. Alitaka wakishuka kwenye ndege, kila mmoja katika nchi yake, watu wa kule waone kwamba ni familia moja. Watoto wake, waliozaliwa hapa na wanaozungumza Kizulu vizuri kuliko Kiswahili, waligoma kuyavaa. Binti alisema afadhali afe kwa baridi.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, siku nne kabla ya saini, nililetewa kazi ya kawaida: kijitabu cha kutafsiri kwa Kiswahili, cha maelezo kwa watu wanaohamia Ufini. Kurasa za mwanzo zilihusu takataka, jinsi ya kutenganisha karatasi na chupa. Kisha ukafuata ukurasa wa vibali. Nilitafsiri sentensi yenyewe kabla sijaielewa: kibali cha kuishi kinampa mwenye nacho haki ya kuishi katika nchi iliyokitoa tu. Nilisimama hapo. Sentensi iliyofuata ilisema kwamba raia wa nchi hizo tano ndio wanaoweza kuhama kutoka moja hadi nyingine wapendavyo. Asiye raia anaweza kutembelea kwa muda mfupi. Akitaka kuishi, aombe upya kama mgeni mwingine yeyote.

Nilitafuta mahali pengine, nikaona yaleyale. Nilitafuta tena Jumanne, nikitumaini nimesoma vibaya. Wala haikuwa habari iliyofichwa. Mtu yeyote mwenye simu angeipata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, nami nilikuwa na simu mfukoni siku ile nilipokuwa nikichora bendera.

Jumatano alasiri nilikwenda Malvern nikiwa nimepanga maneno. Nilimkuta na furaha. Makoti manne yalikuwa yametundikwa na la tano lilikuwa chini ya sindano. Kabla sijakaa, alinivisha kizibao cha kitenge kilekile cha tausi, alichokitoa kwenye mabaki ya kitambaa, akanigeuza nyuma na mbele kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Muuza magodoro alisema sasa mwalimu amekuwa mtu wa Uvira, kilichobaki ni tumbo. Fundi akamjibu kwamba tumbo nitapewa kesho. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikakaa kwa nusu saa nikizungumzia bei ya mafuta ya kula. Nikaondoka na kizibao changu.

Nyumbani nilimweleza mke wangu tulipokuwa mezani. Nilijaribu kuieleza habari hiyo kama tatizo lenye pande mbili: kwamba nikimwambia, huenda akaomba kuunganishwa na kuipoteza Ufini kabisa, kwamba labda ni heri aende, akae huko salama, kisha baada ya miaka apate uraia na kuhama, kwamba si mimi wa kumwamulia. Mke wangu ni Mtanga, na subira yake ina kipimo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaondoa sahani yangu.

"Na kizibao umekipokea," alisema.

Nikasema sikuwa na namna ya kukikataa.

"Wewe humwamulii. Umekwisha kumwamulia, na sasa unaona haya kumrudishia uamuzi wake. Bwana, aibu yako ni ya siku moja. Yule mama ni wa kuoshwa kila siku."

Nilimwambia nitakwenda asubuhi, si dukani bali uani kwao, kabla sijapata mtu wa kucheka naye.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa na nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni na sauti ya fundi ikisema jambo kwa Kifuliiru, lugha yao, polepole, kama mtu anayemweleza mwingine habari za mtaani. Dada mkubwa alikuwa nje akichemsha chai. Alinipa ndoo niigeuze nikalie. Hakuniuliza nimefuata nini. Tulikaa pale karibu robo saa tukisubiri, na nilielewa kwamba nasubiri kitu ambacho sikuwa nimewahi kukitazama kwa makini: urefu wa kazi ile. Si kazi ya kumtuma mtu.

Fundi alipotoka na beseni, alishtuka kuniona. Nilimwambia nina neno lake, na kama inawezekana tusogee pembeni.

"Ni ya safari?" aliuliza.

"Ni ya safari."

"Basi inagusa mama. Kitu yenye kugusa mama inasemekana mbele ya mama."

Kwa hiyo nikaingia. Mama alikuwa kitini, amefunikwa khanga miguuni, uso wake umepakwa mafuta. Nilimwamkia, akaitikia. Dada wawili wakasimama kila mmoja upande wake. Nilichuchumaa, kwa sababu sikuona kiti kingine na kwa sababu nisingeweza kuyasema yale nikiwa nimesimama juu ya kichwa chake. Nikasema kwamba nilimwambia fundi jambo nisilolijua kana kwamba nalijua. Nikasema kwamba akienda Ufini hataweza kuhamia Norwei. Ruhusa ile niliyomsifia ni ya raia, naye hatakuwa raia mpaka ipite miaka mingi, na huenda mama asiifikie. Ataweza kwenda kumwona kwa majuma machache, kisha arudi.

Yule mkubwa alimtafsiria mama kwa Kifuliiru, sentensi moja baada ya nyingine, na ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotumia mimi.

"Kumtembelea," fundi alisema hatimaye. Alikuwa bado ameshika beseni. "Mama haiko mtu ya kutembelea, mwalimu. Ni mtu ya kuosha."

"Najua."

"Haukujua. Ungejua, haungesema vile." Aliweka beseni chini. "Ile siku nilikuuliza mara tatu. Nilikuuliza mara tatu juu ya kutaka uone mahali pa kutokea. Weye ukapita tu, sawa taxi yenye haina breki."

Dada mkubwa alimwambia aniache, kwamba angalau nimekuja. Fundi akasema hakuna aliyenishika, mlango si ule pale. Mama akauliza jambo. Nilidhani anauliza juu ya Ufini, lakini yule mkubwa alitafsiri kwa uso mkavu kwamba mama anataka kujua kama mgeni amekunywa chai. Nikaletewa chai. Niliinywa nikiwa nimechuchumaa vilevile, ikiwa ya moto mno, bila kuthubutu kuipuliza.

Waliongea wao watatu kwa lugha yao. Sikuelewa, na sikupaswa kuelewa. Nilisikia tu neno Ufini likipita mara mbili au tatu. Mama alisema maneno machache, na kila aliposema, mabinti walinyamaza. Kisha fundi akatoka, akarudi na daftari analoandikia vipimo vya wateja, akachana ukurasa safi.

"Andika," alisema. "Ninaomba faili yangu iungane na ya yaya." Yaya ndivyo wanavyomwita dada mkubwa.

Nilimweleza, kwa uangalifu niliopaswa kuutumia wiki tatu kabla, kwamba huenda akakosa vyote viwili. Ufini wanaweza kuondoka, na Norwei wasimchukue. Nilimwambia pia kwamba dada yake na mama wanaweza kuitwa kusafiri kabla faili lake halijasonga, na kwamba hilo nalo silijui.

"Mama anasema hapande ndege bila miye," alijibu. "Waandikie na ile. Na uandike vizuri, si kama ulivyochora."

Niliandika kwa Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Alinisimamisha mahali pawili na kunifanya nifute neno "ningependa", akitaka "naomba". Alitia saini barua akiwa ameiweka juu ya kava la daftari, akavaa koti la tausi ingawa asubuhi haikuwa ya baridi hivyo, na akamwambia dada yake aweke kibao cha kufunga mlangoni mwa duka.

Nikampeleka mjini kwa gari langu. Tulifika kabla ofisi haijafunguliwa na tulikuwa wa nne katika foleni. Nilikuwa huru kuondoka, lakini nilibaki. Zamu yake ilipofika, karani aliisoma barua, akafungua faili, akamuuliza kwa nini aliacha kuomba wiki tatu zilizopita alipoelezwa njia zote mbili. Fundi aligeuka akaniangalia, nami nikasogea dirishani na kumwambia karani kwamba aliyemshauri vibaya ni mimi, nikamtajia jina langu alipoliomba, na akaliandika ndani ya faili.